Kujaza kikapu cha supamaketi bila nyama, maziwa wala mayai: mwongozo kamili

Kila Januari, makanisa mengi yanapoingia katika mfungo wa Danieli, yaani siku 21 bila vyakula vya wanyama, maswali hunijia mfululizo, na karibu yote ni swali moja. Mtu ameacha nyama, maziwa na mayai kwa moyo wote, kisha katikati ya mfungo anageuza pakiti ya biskuti anazonywea chai ya rangi na kukuta zina maziwa ya unga. Mwingine amenunua krima ya kahawa iliyoandikwa mbele kwamba haina maziwa, kumbe ndani imo protini ya maziwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba supamaketi haina cha kuwafaa mpaka wafike kwenye rafu ya bidhaa za nje, walipie kijipande cha jibini ya korosho kwa pesa ambayo ingenunua kilo kadhaa za maharage. Hao ndio huacha mapema, wakisema chakula cha aina hii ni cha matajiri.

Si kweli. Sehemu kubwa ya vyakula vya kila siku katika supamaketi za Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Arusha au Kampala haina chochote cha mnyama, ingawa hakuna aliyevitengeneza kwa nia hiyo. Kazi yako ni kuvijua hivyo, na kujifunza kusoma nyuma ya pakiti kwa vile vichache vyenye mashaka.

Mwongozo huu unamfaa anayefunga, Msabato anayeishi bila vyakula vya wanyama, mtu ambaye tumbo lake halipatani na maziwa, na yeyote aliyeamua kuwa vegani, yaani asiyekula chochote kinachotoka kwa mnyama, kwa ajili ya afya au kwa huruma kwa wanyama. Ufuate kwa mpangilio, kwa sababu kila hatua hupunguza kazi ya hatua inayofuata.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

Simu yenye kamera nzuri. Maandishi ya viambato huwa madogo, na mara nyingi yamechapwa kwa wino mweupe juu ya rangi ya njano. Usihangaike kukodoa macho: piga picha, kisha ikuze.

Orodha ya milo ya wiki. Andika utakachopika, Jumatatu hadi Jumapili, kabla ya kuandika utakachonunua. Anayeenda na orodha ya bidhaa tupu hurudi na vitafunwa vingi na hana cha kupika.

Kikaratasi chenye maneno na namba. Nakili maneno ya Hatua ya 3 na namba za Hatua ya 4. Ukishazizoea hutakihitaji tena.

Muda. Safari ya kwanza itengee saa nzima, asubuhi ya siku ya kazi ikiwezekana. Jumamosi jioni ya mwisho wa mwezi hutapata nafasi ya kusimama mbele ya rafu ukasoma.

Mitungi au makopo yenye vifuniko. Utanunua nafaka na kunde nyingi kuliko ulivyozoea, na wadudu huingia haraka kwenye mfuko uliofunguliwa.

## Hatua ya 1: Amua mpaka wako kabla ya kufika dukani

Jibu maswali matatu ukiwa nyumbani.

Je, asali unakula? Inatoka kwa nyuki, kwa hiyo mwenye kufuata kanuni za vegani huiacha, lakini makanisa mengine huiruhusu katika mfungo.

Je, utakula kitu kilichoandikwa kwamba *huenda* kina chembe za maziwa? Maneno hayo maana yake ni kwamba kiwanda hutumia mitambo ileile kwa bidhaa zenye maziwa, wakati bidhaa uliyoshika haina maziwa katika mapishi yake. Wengi hukikubali. Lakini kama mwili wako una mzio wa maziwa au mayai, usikubali hata kidogo, kwa sababu chembe hizo zinaweza kukupeleka hospitali. Aliyeacha maziwa kwa imani na aliyeyaacha kwa mzio hawasomi pakiti kwa namna moja.

Swali la tatu ni la wanaofunga: je, mfungo wenu unakataza sukari, hamira na kahawa pia? Makanisa hayafanani katika hili. Muulize mchungaji au kiongozi wako, ili usije ukajaza kikapu mikate na jemu kisha ukaambiwa havimo.

## Hatua ya 2: Anza na rafu za vyakula vya kitu kimoja

Ingia supamaketi uende moja kwa moja kwenye vyakula ambavyo ndani ya mfuko mna kitu kimoja tu. Mchele ni mchele. Hapa huna cha kusoma, huna cha kutilia shaka, na bei ni nafuu kuliko mahali pengine popote dukani.

Chukua wanga kwanza: mchele, unga wa mahindi wa sembe au dona, unga wa ngano, wimbi, mtama, ngano nzima, shayiri ya uji, viazi, mihogo, magimbi, ndizi za kupika. Tambi kavu za spageti na makaroni kwa kawaida ni ngano na maji tu. Zile zinazoitwa tambi za mayai ndizo za kuacha.

Kisha nenda kwenye kunde, na hapo usiwe na haraka, kwa sababu ndizo zitakazoshika nafasi ya nyama. Maharage ya kila rangi, choroko (Kenya huitwa ndengu), mbaazi, kunde, adesi, dengu, njugu mawe, na fiwi, ambazo Wakenya huziita njahi. Nunua angalau aina tatu. Mtu anayekula maharage mekundu peke yake siku saba mfululizo huchoka, kisha huilaumu nidhamu yake wakati tatizo ni kikapu. Vipande vya soya vilivyokaushwa, ambavyo wengi huviita nyama ya soya, viweke hapohapo, ila chagua vile visivyotiwa viungo; vyenye ladha vitasubiri hatua inayofuata.

Karanga, korosho, ufuta, mbegu za maboga, tende, zabibu kavu, nazi. Mboga na matunda yote. Mafuta ya alizeti, ya mawese, ya ufuta. Chumvi yenye madini joto, binzari, bizari nzima, hiliki, mdalasini, pilipili manga, majani ya chai, kahawa.

Angalia mambo mawili hapa, kwa sababu hata rafu hii salama ina pembe zake.

La kwanza ni unga wa lishe. Mama wengi huununua kwa ajili ya uji wakiamini ni nafaka, soya na karanga tu. Michanganyiko kadhaa hutiwa dagaa wa kusaga, ambao Kenya huitwa omena, au maziwa ya unga, kwa nia njema ya kuongeza protini. Soma, au nunua wimbi na mtama kando uchanganye mwenyewe.

La pili ni mafuta magumu ya kupikia. Yaliyoandikwa kuwa ya mimea hutokana na mawese na yanafaa. Samli halisi ni maziwa. Makopo yake hufanana na husimama rafu moja, kwa hiyo usichukue kwa mazoea.

*Dalili ya kufaulu:* ukimaliza hatua hii, kikapu kimejaa zaidi ya nusu na hujasoma pakiti zaidi ya mbili. Kama bado ni kitupu, rudi kwenye kunde.

## Hatua ya 3: Geuza pakiti, soma nyuma

Mbele ya pakiti ni tangazo. Taarifa iko nyuma, kwenye orodha ya viambato. Kanuni za lebo za Afrika Mashariki, ambazo mashirika ya viwango, TBS Tanzania na KEBS Kenya, huzisimamia, zinataka viambato viorodheshwe kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwa hiyo orodha hukueleza kilichomo na pia kipi ndicho kingi.

Soma mara tatu kwa haraka badala ya mara moja kwa mashaka. Mara ya kwanza tafuta neno "Contains" mwishoni mwa orodha, au maneno yaliyokolezwa wino. Hapo hutajwa maziwa, mayai, samaki, soya na vingine vinavyosababisha mzio. Ukiona maziwa au mayai, rudisha pakiti, kazi imekwisha. Mara ya pili pitia orodha yenyewe. Mara ya tatu angalia vilivyo ndani ya mabano, kwa sababu chokoleti inayopakwa juu ya keki huwa na orodha yake ndogo humo, na maziwa hupenda kukaa hapo.

Tuchukue mfano wa pakiti ya biskuti ya kawaida. Orodha inasomeka: *wheat flour, sugar, palm oil, whey powder, salt, raising agents 500 and 503, emulsifier soya lecithin, flavour.*

Unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese: salama. Kisha "whey powder". Hayo ni maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini, yakakaushwa yawe unga. Neno "milk" halipo popote katika orodha, na hapo ndipo watu huteleza. Endelea: chumvi, 500 ni magadi ya kuumulia, 503 ni chumvi ya amonia ya kuumulia, "lecithin" ya soya ni mafuta ya soya yanayosaidia mafuta na maji kushikana. Kila kitu kinafaa isipokuwa neno moja, na hilo moja linatosha kuirudisha pakiti. Jirani yake kwenye rafu, wa bei ileile, huenda hana neno hilo. Chukua huyo.

Maneno ya kukataa ni haya.

- Ya maziwa: milk solids, skimmed milk powder, whey, casein, caseinate, lactose, butter oil, butterfat, ghee, curd, yoghurt powder.
- Ya mayai: egg powder, albumen, egg white, egg yolk.
- Ya mwili wa mnyama: gelatine, tallow, lard, animal fat, beef extract, chicken powder.
- Ya samaki na viumbe vya baharini: anchovy, fish sauce, oyster extract, shrimp powder.
- Ya wadudu: honey, beeswax, carmine, cochineal, shellac.

Na haya ni maneno yanayotisha bure. Watu huacha vyakula vizuri kwa ajili yake:

- *Cocoa butter* ni mafuta ya mbegu ya kakao, hayana siagi.
- *Peanut butter* ni karanga. Angalia tu kama kimeongezwa asali.
- *Coconut cream* ni tui zito.
- *Cream of tartar* ni chumvi inayotokana na zabibu.
- *Lactic acid* hutengenezwa kwa kuchachusha sukari ya mimea katika sehemu kubwa ya bidhaa, japo jina lake linakumbusha maziwa.

*Dalili ya kufaulu:* unaweza kumaliza pakiti moja kwa muda usiozidi nusu dakika, na ukikataa unaweza kutaja neno lililokufanya ukatae.

## Hatua ya 4: Zijue namba chache, si zote

Namba zinazoanza na E, au tarakimu tupu kama tulivyoona juu, ni majina ya vitu vinavyotiwa kwenye chakula kukipa rangi, kukihifadhi au kukiumua. Zipo mamia. Huna haja ya kuzijua zote. Nyingi hazihusiani na wanyama. Zishike hizi.

Za kukataa moja kwa moja: E120, rangi nyekundu inayotolewa kwa wadudu, utaiona kwenye peremende, vinywaji vyekundu na mtindi wa stroberi. E901, nta ya nyuki. E904, utomvu wa mdudu unaozing'arisha pipi. E542, fosfati ya mifupa. E966, sukari iliyotengenezwa kutokana na maziwa. E1105, kimeng'enya cha ute wa yai. Jelatini kwa kawaida huandikwa kwa jina, ila wapo wanaoiandika 441.

Zenye pande mbili: E471 hutengenezwa kwa mafuta, yawe ya mawese au ya mnyama, na mara nyingi lebo haisemi. E481 vivyo hivyo. E631 inaweza kutokana na samaki, nyama au kuchachusha wanga. E920, inayotiwa kwenye unga wa mkate, inaweza kutoka kwenye manyoya ya ndege.

Ufanye nini na hizi za pande mbili? Kwanza tafuta kama pakiti inasema "vegetable origin". Isiposema, na ni bidhaa unayoipenda ya kila wiki, mwandikie mtengenezaji. Anwani au namba ya huduma iko kwenye pakiti. Uliza hivi: "E471 mnayotumia katika bidhaa hii inatokana na mimea au mnyama?" Kampuni nyingi hujibu. Kama ni bidhaa ya mara moja kwa mwaka, nenda na dhamiri yako. Binafsi sioni sababu ya mtu kuacha mkate mzima kwa ajili ya namba ambayo hajathibitisha, lakini sitamlaumu anayeuacha.

## Hatua ya 5: Alama za mbele, na kila moja inasema nini hasa

Hapa ndipo wengi wanaojiona wameshajua hukwama.

Kitone cha kijani ndani ya mraba wa kijani. Kinatoka India, na bidhaa za India zimejaa katika supamaketi zetu: viungo, achari, biskuti, vyakula vya pakiti vya kupasha moto. Kitone hicho maana yake ni kwamba hamna nyama, samaki wala mayai. Maziwa na asali vinaruhusiwa chini ya alama hiyo. Watu hununua peremende za maziwa na kari za samli wakiwa na amani kabisa kwa sababu ya kitone hiki. India ina alama nyingine ya vegani, yenye herufi V ya kijani, nayo ndiyo inayokufaa.

Halali. Inahusu kinachoruhusiwa katika Uislamu na namna mnyama alivyochinjwa. Jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali ni halali, na bado ni ng'ombe.

Parve au Pareve. Utaikuta kwenye baadhi ya bidhaa kutoka nje, chini ya kanuni za chakula za Wayahudi. Maana yake hamna nyama wala maziwa. Mayai, samaki na asali huweza kuwemo.

"Non-dairy". Huandikwa sana kwenye krima ya kahawa ya unga. Geuza chupa utafute "sodium caseinate". Hiyo ni protini ya maziwa.

"Cholesterol free", "100% natural", picha ya majani. Hazikuambii lolote kuhusu wanyama.

Kuna pia upande wa pili, na huu huwafurahisha watu wakiujua. Picha ya kuku kwenye pakiti haimaanishi kuna kuku ndani. Krispi, tambi za haraka na viungo vya mchuzi vyenye "ladha ya nyama" wakati mwingine hupata ladha hiyo kwenye chachu, kitunguu na chumvi tu, wakati krispi za nyanya zilizoko kando yake zina unga wa maziwa. Usikubali wala usikatae kwa picha.

## Hatua ya 6: Rafu zenye mitego

Sasa pita kwenye rafu hizi na kikaratasi mkononi.

Mkate. Mkate wa kawaida ni unga, maji, hamira, chumvi, sukari na mafuta, na mara nyingi unafaa. Wenye jina la maziwa, wa mayai, na mikate laini ya hotdogi hubeba maziwa ya unga. Mkate wa ngano nzima una nafasi kubwa ya kuwa salama, ila wakati mwingine hupakwa asali; soma.

Biskuti. Zile za glukosi, ambazo kila nyumba inazo, aghalabu zina maziwa. Tafuta za tangawizi, za nazi na zisizo na krimu katikati, kisha soma hata hizo.

Majarini. Jina la mimea mbele halitoshi. Nyingine zina maziwa ya unga au whey kwa ajili ya ladha. Mwenye kufuata kanuni kikamilifu aangalie pia vitamini D3, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo. D2 haitoki kwa mnyama.

Tui la nazi. La kopo au la boksi kwa kawaida ni nazi na maji na kitu cha kulifanya lisitengane. La unga ndilo la kuangalia sana: kadhaa hutiwa kazeini, protini ya maziwa, ili lichanganyike vizuri na maji. Mtu aliyeacha maziwa kwa sababu ya mzio, akala wali wa nazi na bado akaugua, mara nyingi jibu liko kwenye kipakiti hicho.

Vinywaji vya unga. Kakao tupu ni sawa. Vinywaji vya shayiri na chokoleti mara nyingi vina maziwa, hata kama maelekezo yanakuambia uongeze maziwa mwenyewe.

Chokoleti. Nyeusi si lazima iwe salama. Tafuta "butter oil" na "milk fat".

Sosi. Nyanya, pilipili, haradali, sosi ya soya, siki, achari ya embe na ya ndimu zinafaa kwa jumla. Mayonezi ni mayai. Sosi ya Worcester hutengenezwa kwa dagaa waliochachuka, na Lea & Perrins huwataja wazi kwenye chupa. Sosi ya chaza inajieleza kwa jina.

Vitafunwa. Bisi za chumvi, karanga, chevda, krispi za muhogo na za ndizi, kashata, ubuyu. Krispi za viazi zenye chumvi tupu huwa salama. Kila ladha nyingine isome. Halua ya Zanzibar hupikwa kwa samli mara nyingi, ingawa wapo wanaotumia mafuta.

Vya kopo. Maharage katika sosi ya nyanya, mahindi, nyanya, njegere: vizuri. Hakikisha hujashika kopo la maharage lenye soseji, kwa maana makopo hayo ni mapacha.

*Dalili ya kufaulu:* umerudisha pakiti kadhaa na umepata mbadala wa kila moja kwenye rafu ileile. Ukiona unalazimika kuacha kundi zima, umesoma kwa woga. Rudia orodha ya maneno yasiyo na hatia.

## Hatua ya 7: Kaunta ya mikate na vyakula vilivyopikwa

Hapa hakuna lebo, kwa hiyo utauliza. Usiulize kama chakula ni vegani. Mhudumu asiyelijua neno hilo atasema ndiyo ili akufurahishe, au atakuambia "haina nyama" na kuishia hapo. Uliza kuhusu kitu, na uulize kwa adabu:

"Dada, habari za kazi? Samahani, chapati hizi mmezikanda na nini?"

"Maji, chumvi na mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kukandia ni ya alizeti. Juu tunapaka siagi zikiwa za moto."

"Naweza kupata mbili ambazo hazijapakwa?"

"Subiri kidogo, hizi zinazotoka sasa."

Kama ungeuliza swali la jumla, siagi ile isingetajwa.

Mandazi ya kaunta huwa na maziwa na mayai mara nyingi. Mahamri ya Pwani yaliyokandwa kwa tui na hiliki hayana, lakini uliza, maana wapo wanaotumia maziwa siku nazi ikiadimika. Vitumbua vya mchele na tui ni salama. Chipsi uliza zimekaangwa mafuta gani na kama kuku na soseji hupitia humohumo. Maharage na githeri uliza kama yametiwa kiungo cha nyama.

## Hatua ya 8: Usisahau vitamini B12

Kwa mfungo wa siku 21, mtu mzima mwenye afya hana cha kuogopa hapa. Kwa anayenuia kuishi hivi miaka, hatua hii ni ya lazima, na ndiyo watu wengi huiruka.

Vyakula vya mimea havina B12 ya kutegemewa. Ini huwa na akiba, kwa hiyo upungufu unaweza kuchukua miaka kujitokeza, na ukijitokeza huleta upungufu wa damu na madhara ya mishipa ya fahamu: ganzi mikononi na miguuni, kusahau. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku.

Soma mfuko wa unga. Unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uliorutubishwa, Kenya na Tanzania, huongezewa madini ya chuma, zinki na foliki, na B12 pia. Itafute kwa jina, kwa kuwa unga wa mashine ya mtaani hauna. Maziwa ya soya yaliyoongezewa vitamini husaidia. Hata hivyo usitegemee unga peke yake: nunua vidonge vya B12 famasi. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye watoto wadogo azungumze na daktari au mtaalamu wa lishe kabla ya kuanza.

Kuhusu madini ya chuma: kunde na mboga za majani zinayo, na limau, nyanya au chungwa kwenye mlo uleule husaidia mwili kuyachukua. Chai hufanya kinyume. Inywe saa moja au mbili baada ya chakula.

## Hatua ya 9: Pika, ili kikapu kisiozee nyumbani

Asubuhi: uji wa wimbi wenye karanga za kusaga, au mbaazi za nazi kwa mahamri, mlo ambao Mombasa huliwa kila siku bila mtu kuuita jina la kigeni. Mchana: ugali, choroko na sukuma wiki au mchicha. Jioni: wali wa nazi na maharage, kande, tambi kwa sosi ya nyanya na adesi, au viazi vya nazi.

Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza. Maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, kwa hiyo usiyaweke mabichi moja kwa moja kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo.

Nyama ya soya ndiyo watu huilalamikia zaidi, kwamba inanuka na ina ladha ya karatasi. Sababu ni moja: haikukamuliwa. Weka vipande kwenye bakuli, mimina maji yanayochemka yenye chumvi, acha dakika 10 hadi 15 mpaka vivimbe na kuwa laini kama sifongo. Mwaga. Vikipoa, vikamue kwa viganja, kimoja kimoja. Maji yatatoka ya rangi ya chai nyepesi, yenye povu. Suuza kwa maji baridi, kamua tena, mpaka maji yatoke meupe. Sasa vipake tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili manga, acha nusu saa, kisha vikaange katika mafuta kidogo mpaka kingo ziwe za kahawia ndipo uvitie kwenye mchuzi. Vikishikana na mchuzi na ukingo ukawa mgumu kidogo kwenye jino, umepatia. Vikiteleza na kutoa maji sufuriani, hukukamua vya kutosha.

## Hatua ya 10: Weka kumbukumbu

Piga picha ya orodha ya viambato ya kila bidhaa uliyoikubali, uziweke kwenye albamu moja ya simu. Safari ya pili utamaliza kwa nusu ya muda, na anayetumwa dukani badala yako, awe mume, dada wa kazi au mtoto, mtumie picha hizo.

Bidhaa ikibadilisha rangi ya pakiti, ikaandikwa "ladha mpya", au ikiwa ya nchi nyingine, isome upya kana kwamba huijui. Mapishi ya jina moja hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na kilichofaa mwaka jana huenda leo kina whey. Futa picha ya zamani, weka mpya.